Kurasa Nilizokataa Kuzifunga

Machi 4

Mvua imeanza. Kompyuta imewaka chai ikiwa imekwisha kikombeni.

Machi 5

Leo niliifuatilia kama shahidi ninayemshuku. Nilibonyeza kitufe, nikaenda kuoga, nikavaa, nikarudi. Kile kiduara bado kinazunguka katikati ya kioo. Mume wangu alikuwa ameketi na vikombe viwili. Yeye ni fundi miwani, hukata vioo na kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Tulipokuwa tukisubiri alinisimulia habari za mteja aliyerudisha miwani mipya, akilalamika kwamba inamwonyesha mkewe amezeeka. Nikamwambia kisa hicho ningekiandika kama ningekuwa na kitu cha kuandikia.

"Basi kitunze, Wakili," akasema, akachukua mwavuli. Huniita Wakili kwa sababu sijawahi kumaliza ubishi nikiwa nimekaa.

Nina safu gazetini kila Jumamosi, mwaka wa kumi na nane sasa, na kazi yangu humo, kwa kusema wazi, ni kugombana. Makala hutakiwa kumfikia Mhariri Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Ya leo ilifika jioni. Mhariri hakunifokea. Alinishukuru kwa sauti ya mtu anayeandika kitu pembeni.

Machi 9

Nimeipeleka kompyuta dukani. Mwenye duka ni mtu wa makamo, shati limenyooshwa hadi kwenye vifungo. Hakuifungua. Aliugusa mfuniko kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto, akasema, "Mama, hii ilishakufa. Imesahau tu kulala." Kisha akanionyesha mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha. Wateja wawili walicheka. Ingekuwa kompyuta ya mwingine, ningecheka pia.

Nikarudi nyumbani kuandika.

Machi 14

Makala imetoka. Hoja yangu: vitu havifi, huuawa, na muuaji ana duka lenye kiyoyozi. Nimempachika jina, Bwana Mpya. Kila msomaji anajua ni nani, maana duka la kompyuta lenye kiyoyozi hapa kwetu ni moja tu.

Machi 17

Mvua. Chai. Kisa cha mume wangu: mteja amekalia miwani yake mwenyewe, si mara ya kwanza.

Machi 21

Bwana Mpya amejibu katika ukurasa wa barua. Sentensi tatu, na ni nzuri, jambo ambalo sikulitegemea. Anawaomba wasomaji waitazame tena makala yangu ya wiki iliyopita: haina aya ya mwisho. Anauliza kama kompyuta inayotetewa ndiyo iliyoimeza.

Ni kweli. Makala ilichelewa, ikawa ndefu kuliko nafasi iliyobaki, na Mhariri akaikata mkia ili afunge ukurasa.

Mume wangu aliisoma barua ile mara mbili. "Huyu amekupata," akasema. Nikamwambia ashughulike na vioo vyake.

Machi 25

Bwana Mpya nimempa vidonge vyake. Nimeandika kwamba sitanunua kwake kitu, hata skrubu. Kompyuta hii hii itaongeza mwendo mikononi mwangu, mimi nisiyejua kompyuta, na makala ya mwisho ya masika itafika kwa Mhariri kabla ya saa sita, kamili, hadi nukta. Nimeongeza: usinunue mpya kabla hujaitazama ya zamani. Nikishindwa, naiacha safu.

Sentensi ile ya mwisho niliiweka kwa sababu ilikuwa na mdundo mzuri.

Machi 28

Mhariri ameichapa sentensi ile kwa herufi nzito.

Nilimpigia simu. "Dada, si ni maneno yako?" akasema. Nikamuuliza nani angeshika safu kama ningeondoka. Akamtaja mwandishi wa michezo, kisha akasema huo ni mfano tu. Mtu asiye na mpango hana mfano ulio tayari hivyo.

Machi 30

Nimesoma ushauri wa watu wa kila aina. Kila ajuaye kompyuta huanza kwa kusema kwamba jambo ni rahisi, na hapo hapo nampoteza. Ushauri wa kwanza wa wote ni mmoja: futa usichokihitaji. Nilikaa asubuhi nzima nikifuta rasimu zangu, moja baada ya nyingine, moyo ukiniuma. Nilipomaliza, nafasi iliyopatikana ilikuwa ndogo mno hata nikadhani mashine imekosea hesabu.

Haikukosea. Nilikuja kuikuta video ya arusi ya mpwa wangu, ambayo nusu yake ni watu wakitafuta viti, na hiyo peke yake ni nzito kuliko yote niliyoandika maishani. Kando yake zilikuwa hotuba za watu ninaowapinga, nilizozihifadhi ili niwanukuu kwa haki. Zote nimezihamishia kwenye diski ya nje, na diski nimeiweka kabatini. Mashine imepata nafuu kidogo.

Rasimu sitazipata tena. Nimejaribu kuikumbuka mojawapo, nimeshindwa.

Aprili 2

Mvua. Makala imefika saa nane.

Aprili 6

Nimeweka programu ya kusafisha kompyuta. Ikanitangazia papo hapo kwamba mashine yangu imejaa hatari, kwa rangi nyekundu. Niliiamini. Mimi humwamini haraka mtu anayeshtaki. Nikaweka ya pili ithibitishe. Ya pili ikasema ya kwanza ndiyo hatari. Nikaona hapa kuna mjadala wa maana, nikaweka ya tatu iamue.

Aprili 9

Alhamisi. Nilikuwa nimebakiza aya mbili na saa moja unusu. Nikaandika neno, neno halikutokea. Nikaandika jingine, nalo likaenda kusikojulikana. Feni ikaanza kuvuma kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kisha kioo kikaganda, na juu yake vidirisha vitatu, kila kimoja kikiniomba ruhusa ya kukifunga kingine. Nilibonyeza ndiyo kwa wote. Walichelewa kukubaliana.

Mume wangu alikuwa bado yupo, mvua ilimzuia. Akavisogeza vikombe mbali na mashine. Nikaizima mashine kwa nguvu, nikaiwasha, ikaanza kuwaka, ikatukumbusha kwamba haikuzimwa kwa adabu, ikaanza kujikagua. Saa sita kasorobo bado inajikagua.

Nikampigia Mhariri. Nilimweleza kwamba makala ipo kichwani na kwamba nitaitamka, mtu aandike. Akasema sawa, atanipa mtu mwenye mikono myepesi. Aliyeshika simu ni mwandishi wa michezo, mwanamke mwenye sauti nzito. Akanisalimu kwa heshima na kuniambia nianze.

Nilianza. Nilikuwa nikizunguka meza huku nikitamka, na kila nilipomaliza sentensi, yeye alikuwa ameimaliza pia. Sijawahi kuandika kwa kasi ile. Katikati ya aya ya nne akanikatiza.

"Mama, hapa umeshasema."

Nikamwambia hajaelewa, ile ya kwanza ilikuwa tuhuma na hii ni hukumu. Akasema, "Sawa, lakini ni maneno yale yale." Akanisomea zote mbili, polepole, bila kutia chumvi. Yalikuwa maneno yale yale.

Nikamwambia aitoe ya pili. Makala ilifika kabla ya saa sita, siku hiyo hiyo ambayo kompyuta yangu haikufanya kazi yoyote. Mume wangu akasema labda dawa ndiyo hiyo, niachane nayo kabisa. Nikamwambia mvua imepungua, anaweza kwenda.

Aprili 12

Nimeziondoa zote tatu. Zilikuwa kama walinzi watatu kwenye mlango mmoja, kila mmoja akimpekua mwenzake huku mgeni akipigwa na mvua nje. Nimemwachia kazi mlinzi mmoja, yule aliyekuja na mashine yenyewe.

Katika kuziondoa nimeigundua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, bila kuitwa. Kuna ya printa tuliyoigawa zamani. Kuna ya kucheza muziki, na mimi sisikilizi muziki. Kuna ya simu niliyoiangusha chooni. Nimezizuia zisiamke zenyewe, moja moja, nikiacha zile nisizozijua, kwa sababu nimejifunza kitu wiki hii.

Aprili 13

Imewaka chai ikiwa bado ina joto. Mume wangu alikuwa katikati ya kisa cha padri na lenzi. Hakukimaliza.

Aprili 16

Makala imefika saa saba kasorobo. Karibu.

Aprili 19

Jumapili. Mume wangu aliuliza kwa nini kompyuta hukaa juu ya mto. Nikamwambia kwa sababu huunguza mapaja. Akauliza kama haiunguzi kwa sababu inakaa juu ya mto. Nikaushika mto; ulikuwa na joto.

Alileta bisibisi zake ndogo za kazini na kitambaa cheusi ili skrubu zisipotee. Tuliizima, tukachomoa waya. Yeye akafungua, mimi nikashika tochi na kumwelekeza, ingawa sikujua ninachomwelekeza. Ndani, mbele ya feni, vumbi lilikuwa limejisokota mpaka likawa kama sufi ya godoro. Akalipuliza kwa kile kipira anachopulizia vioo, akalichomoa kwa kikoleo.

"Hii ni miaka mingi ya hasira," akasema.

Sasa feni haivumi. Mto umerudi kitandani.

Aprili 23

Mvua kubwa. Inawaka vizuri, lakini nikishaanza kazi inalemewa. Saa saba na robo.

Aprili 27

Upo ukurasa ndani ya mashine unaoonyesha ni programu gani inakula nini. Nimeutazama. Kivinjari ndicho kinachokula karibu kila kitu, na wengine wanagombania makombo. Washauri wote wanasema kwa sauti moja: funga kurasa ulizofungua kwenye mtandao, au ongeza kumbukumbu, yaani RAM.

Hapa lazima nieleze. Mimi nikisoma makala ya mtu nisiyekubaliana naye, siifungi mpaka nimjibu. Kuifunga kabla ya hapo ni kumwachia uwanja. Ziko wazi zote, zimebanana juu ya kioo mpaka vichwa vyake havisomeki, na kila nikiwasha kompyuta zinarudi zote, kwa sababu nimeiamuru izirudishe. Nyingine ziko wazi tangu mashine hii ilipokuwa mpya.

"Si uzifunge," mume wangu akasema.

"Sizifungi."

"Basi."

Nitaongeza RAM.

Mei 4

Fundi wa simu wa ghorofa ya chini ameitazama namba ya kompyuta yangu na kusema RAM za aina hiyo hazitengenezwi tena. Zinapatikana kwa kuzichomoa kwenye mashine zilizokufa. Mtu mwenye chumba kizima cha mashine zilizokufa ni mmoja, akasema, akanitazama usoni, kisha akajishughulisha na simu ya mtu. Naye husoma gazeti.

Mei 7

Saa nane na nusu. Mhariri ametuma ujumbe kwamba ya Mei 21 ndiyo ataihesabu ya mwisho ya masika. Ameuliza watu wa hali ya hewa.

Mei 11

Nimekwenda kwa Bwana Mpya.

Nilivaa koti la mvua la mume wangu, kofia nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Nilijiambia kwamba kiapo kilikuwa cha kununua kwake, na kitu kilichochomolewa kwenye maiti si bidhaa yake kwa maana kamili. Nilikuwa nimeifikisha hoja hiyo mbali sana nilipofika mlangoni.

Alikuwa peke yake. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nikataja aina ya RAM, kwa sauti niliyoidhania ya mtu mwingine. Akaenda chumba cha nyuma, nikasikia masanduku yakisukumwa, akarudi na kipande kidogo cha kijani ndani ya mfuko wa nailoni. Akataja bei. Nikamwambia bei hiyo ni ya kitu chenye uhai.

Akacheka. "Karibu, mama. Nimekungoja tangu mwezi uliopita."

Nikavua kofia. Hapakuwa na haja ya kuendelea kujitia hamnazo. Nikaweka pesa mezani. Yeye akauvuta ule mfuko upande wake.

"Siuzi."

"Bei nimeikubali."

"Uliandika hata skrubu." Akafungua mlango wa kabati. Makala yangu ilikuwa imebandikwa kwa ndani, sentensi ya herufi nzito imezungushiwa kalamu. "Watu wanaingia hapa kuniuliza, yule mama vipi? Wengine hawanunui kitu, wanakuja kuuliza tu. Sasa nikikuuzia, utaandika nini?"

"Nitaandika nitakachoandika."

"Basi mimi nitakuwa nimekusaidia kudanganya. Hapana, mama. Nenda kashindwe mwenyewe, au kashinde mwenyewe."

Nikamwambia kwamba mfanyabiashara anayekataa pesa ni jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema, "Si ndiyo maana ukaniita Mpya."

Nilikuwa nikizikusanya pesa zangu ndipo nikaiona. Mwisho wa meza, nyuma ya rundo la risiti, ilikuwapo kompyuta anayofanyia hesabu za duka. Nene. Pembe moja imefungwa kwa utepe wa gundi. Herufi za kibodi zimefutika, na mahali pa kidole gumba pamechimbika kama kizingiti cha mlango. Ilikuwa kongwe kuliko yangu.

"Na hiyo?" nikauliza.

Akaigeuza kidogo, kioo kikatazama ukutani. "Hii siiuzi," akasema. "Naifahamu."

Nikatoka na mikono mitupu na furaha ambayo si ya kujivunia. Sikuihisi hata mvua.

Mei 12

Furaha ile haikuongeza mwendo wa kompyuta. Asubuhi nilianza kuandika namna nitakavyomfichua, na herufi zikaja moja moja, zikiburuta miguu. Zimebaki siku tisa. RAM sina. Imebaki njia moja.

Nikamwambia mume wangu nitazifunga. Akaahirisha kwenda kazini, jambo ambalo halijatokea tangu alipong'oa jino. Akavuta kiti.

"Nisomee," akasema.

Ya kwanza, ya zamani kuliko zote, ilikuwa ya profesa aliyeandika kwamba wasomaji hawahitaji tena maoni ya mtu.

"Huyu yuko wapi?"

"Amekufa. Tulikwenda mazishini."

"Na hii ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Funga."

Ya pili ilikuwa ya mtu aliyepinga kuwekwa taa za barabarani. Taa zimewekwa, nimemwona akisoma chini ya moja akisubiri gari. Nikafunga. Ya tatu niliisoma yote nikakuta nakubaliana nayo, neno kwa neno. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba nilichokasirikia ni kichwa cha habari. Nikafunga.

"Huyu je?"

"Ana makosa."

"Bado?"

"Bado."

"Na ukimfunga, atakuwa sahihi?"

Nikafunga.

Tulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyenijibu zamani, kwa upole, hoja kwa hoja, na mwishoni akanikaribisha nyumbani kwake tuzungumze. Hiyo niliiacha wazi muda wote huo kwa sababu nilikuwa natafuta tundu ndani yake. Nilitafuta tena leo. Halipo. Sikungoja mume wangu aulize. Nikafunga mwenyewe.

Ukabaki ukurasa mmoja, wa duka la Bwana Mpya, na picha ya ile kompyuta ya rangi ya fedha. Nikamwambia huo bado nina kazi nao. Akaenda zake kazini.

Mashine ni nyepesi. Nabonyeza, neno linatokea. Sijui niseme nini zaidi.

Mei 14

Saa tano unusu. Mhariri amepiga simu kuuliza kama naumwa.

Mei 16

Mvua za kuaga.

Mei 20

Nimeandika makala ya mwisho ya masika. Nimeeleza yote: video ya arusi, walinzi watatu, vumbi, mto. Kisha nikamfichua. Nimemwonyesha muuzaji wa vitu vipya ameinamia kompyuta iliyofungwa gundi, ndani ya duka lake mwenyewe, akikigeuza kioo chake kitazame ukuta. Ni aya bora niliyoandika kwa miaka mingi. Ilitoka bila kukwama, vidole na kioo vikienda sawa.

Hilo ndilo lililonisumbua. Zamani, nikiandika sentensi, ilikuwa inachukua muda kutokea, na katika muda huo nilikuwa naisoma kichwani, na mara nyingi naifuta kabla haijafika. Nashuku sehemu ya busara ninayosifiwa ilikuwa ni ucheleweshaji wa mashine. Kwa hiyo nimeizima, nimekwenda kufua.

Mei 21

Saa mbili asubuhi nimeisoma upya. Aya ile inathibitisha kwamba Bwana Mpya ni mnafiki. Haithibitishi hoja yangu. Hoja yangu ameitamka yeye, kwa neno moja, "Naifahamu," akiwa ameweka mkono juu ya kompyuta yake, naye hakuwa anabishana na mtu. Na mtu huyo alikataa pesa zangu ili neno langu libaki neno. Mimi nilikuwa tayari kulivunja kwa bei niliyotaka hata ipunguzwe.

Nikaifuta. Mahali pake nimeandika kwamba nilikwenda dukani kununua, nimevaa koti la mtu, na nikakataliwa. Na kwamba kompyuta haikuhitaji kitu kutoka kwake. Ilihitaji nizifunge kesi zangu.

Imefika saa nne. Saa nne na nusu Mhariri akapiga.

"Dada, imefika. Ni kamili?"

"Hadi nukta."

Akavuta pumzi. Akasema kuna jambo: niliapa kutonunua hata skrubu, na hapa nakiri kwamba nilikwenda kununua. Wasomaji watauliza kama kiapo kimevunjika. Yeye mwenyewe hana uhakika. Nilimsikia akigeuka na kumuuliza mtu chumbani. Ile sauti nzito ikajibu kwa mbali, bila hata kusita:

"Mpira uliogonga mwamba si bao."

Mhariri akarudi kwenye simu na kusema tuonane wiki ijayo. Nikaomba nimshukuru yule dada. Akasema ameshatoka, ana mechi.

Jioni niliufunga ukurasa wa duka.

Mei 25

Mvua imekoma. Nimepita mbele ya duka la Bwana Mpya. Ametundika bango, herufi kubwa, zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: USINUNUE MPYA KABLA HATUJAITAZAMA YA ZAMANI. Chini yake, bei ya kutazama.

Maneno ni yangu, ya Machi. Amebadilisha moja tu, akaligeuza biashara. Nilisimama pale mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea. Nikarudi nyumbani aya tatu zikiwa tayari.

Mei 26

Nilibonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka kabla maji hayajachemka. Ukurasa mweupe, mshale unapepesa, na Bwana Mpya yuko kooni mwangu tayari kutoka.

Mume wangu akaja na vikombe viwili kama kawaida yake. Akaona kioo kinang'aa, akasimama hapo hapo.

"Nikuache ufanye kazi?"

Nikafikiri juu ya aliyekalia miwani yake, na padri na lenzi, na wengine wote wa miaka hiyo. Kila ninachokijua kuhusu kazi ya mume wangu nilikipata wakati kile kiduara kinazunguka.

"Yule aliyesema miwani inamzeesha mkewe," nikasema. "Iliishaje?"

Akaketi. Kumbe mke naye alikuja dukani, na kisa ni kirefu. Tulipofika katikati, kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe, kwa kuchoka kusubiri.